Saa Isiyousikia Mtungi

Gezaulole,
3 Februari 1999

Shoga yangu Mwanakombo,

Kwanza hongera ya mtoto. Mbwana, dereva wetu, ndiye aliyenipa habari: ni wa kike, jina lake Zubeida, na amekuja na nywele mpaka kwenye paji la uso. Nilicheka peke yangu. Nisamehe sijaja kumwona. Kazi imetubana, na barabara ya kutoka huku mpaka kwenye pantoni ndiyo ile unayoijua.

Pili nina shida ya kifundi, na tangu tuko chuoni wewe ndiye uliyekuwa unafungua redio za walimu na kuzirudisha zikiongea.

Kazi yetu unaijua. Mwaka jana bahari ilipopata joto matumbawe yaligeuka meupe kama chokaa, na mradi huu umetuajiri tuzame tuhesabu yaliyokufa na yaliyopona. Mie nazama na Bernadeta. Tunatandika kamba ya kupimia chini, tunaifuata, tunaandika kwenye vibao vya plastiki. Kila mmoja ana mtungi wa hewa mgongoni na saa kubwa mkononi. Saa hiyo haina waya. Kwenye kichwa cha mtungi kimefungwa kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kinapima hewa iliyobaki na kuirushia saa kwa mawimbi, na saa inaonyesha namba. Ukianza ni mia mbili. Ikifika hamsini uwe umeshaanza kupanda.

Saa yangu tangu wiki iliyopita inapoteza namba. Naona tisini, naandika kidogo, nikitazama tena pana vistari vitupu. Baada ya muda namba inarudi, kisha inakwenda tena. Bwana Adelard, mkuu wetu, amebadilisha betri zote mbili, haikusaidia. Kuirudisha kiwandani Ulaya ni miezi mitatu, na sie tuna miamba tisa ya kumaliza kabla masika hayajachafua maji. Nikikosa saa sizami, na nisipozama Bernadeta hana mwenzake.

Usimwambie baba yangu. Ukipita dukani kwake pale Kigamboni mpe shikamoo uende zako. Aliniruhusu kazi hii kwa sharti moja, kwamba siku nitakayoumia nirudi nyumbani. Akisikia chombo cha hewa kina kasoro ataona siku yenyewe imekaribia.

Wako,
Salsabil


Chang'ombe,
6 Februari 1999

Salsabil,

Mie mzima, mtoto mzima, na mama mkwe yupo, ananipikia uji wa pilipili manga kana kwamba nimezaa mapacha.

Huku mtaani nimekuharibia jina bila kukusudia. Jirani kaniuliza yuko wapi yule rafiki yako wa Kigamboni, nikamwambia siku hizi anazamia. Basi mpaka magharibi watu wanakuja kuniuliza umejificha kwenye meli gani, na kama umeshafika Ugiriki. Nimeeleza habari ya matumbawe mpaka nimechoka. Ugiriki wameielewa haraka zaidi.

Tuje kwenye saa. Mawimbi ya redio hayapendi maji, na maji ya chumvi ndiyo kabisa. Hiyo yenu nadhani haivuki hata mita mbili. Maana yake wewe una kituo cha redio mgongoni na redio mkononi, na kati yao pana bahari. Fanya jambo moja moja, usichanganye. Ukibadilisha mawili kwa pamoja ukapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Betri mpya si lazima iwe inashika vizuri. Fungua, sugua vile vibati vyake kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae, tazama kama chumvi imeingia. Halafu vyombo hivi viwili lazima vifahamiane. Ukibadilisha betri huenda vimesahauliana, kitabu chake kitakuonyesha namna ya kuvitambulisha upya. Halafu ulizia nani anapiga picha huko chini. Flashi ya kamera inavuruga mawimbi. Hapa kwangu jirani fundi wa magrili akiwasha mashine yake ya kuchomelea, redio zote mezani zinakoroma.

Lakini njia rahisi ni kuniletea. Jumapili hamfanyi kazi. Omba lifti, saa nne uko hapa. Zubeida leo ana siku kumi na tisa na hajapakatwa na mtu yeyote wa upande wangu zaidi ya mama.

Mwanakombo


Gezaulole,
10 Februari 1999

Mwanakombo shoga,

Nimefuata amri zako. Vibati nimevisugua, vilikuwa safi. Vyombo tumevitambulisha upya, vikaitikiana mara ya kwanza. Jumatatu nikazama, namba ikapotea vilevile. Anayepiga picha ni Bwana Adelard mwenyewe. Jana tulimwomba akae mbali na kamera yake, akakubali kwa shingo upande, namba ikapotea vilevile.

Cha ajabu ni kwamba nchi kavu saa inasikia kila kitu. Tumeuzamisha mtungi kwenye pipa la maji ya bahari na saa pembeni yake, tukakaa dakika arobaini tunalitazama pipa. Mpishi akauliza tunachemsha nini. Namba haikupotea hata mara moja.

Mwamba wa nne tumeumaliza. Kuna upande uliokufa wote, umeota majani kama paa la nyumba iliyohamwa, na hatua kumi mbele matumbawe yamesimama na rangi zao kama hayakuambiwa habari ya joto. Natamani ungeona.

Jumapili haitawezekana. Kuna vibao vingi vya kunakili. Mbusu Zubeida.

Salsabil


Chang'ombe,
13 Februari 1999

Salsabil,

Kama kwenye pipa inasikia, basi chombo ni kizima. Ishu iko kwenye namna kinavyovaliwa. Chora jedwali. Kila namba inapopotea andika ulikuwa unafanya nini na mkono wenye saa ulikuwa wapi, na inaporudi uandike vilevile. Niambie pia saa unaivaa mkono gani, na kile kidude kimekaa upande gani wa mtungi.

Kuja sikuombi tena. Nimeshaomba. Tangu tuna miaka kumi na minne hujawahi kulikosa jambo langu, hata yale ya kipuuzi. Ulikuja mpaka siku nilipokata nywele. Kama nimekukosea nitajie kosa, usiniache nilitafute mwenyewe.

Mwanakombo


Gezaulole,
20 Februari 1999

Shoga yangu,

Hujanikosea kitu. Lifute hilo kabisa.

Kidude kiko upande wa kushoto wa mtungi, nyuma ya bega. Saa iko mkono wa kushoto, kama tulivyofundishwa. Na hili ndilo jedwali lako:

Jumatatu, mwamba wa tano. Imepotea nikiandika. Imerudi nilipovuta mkono kupita kifuani mpaka bega la kushoto, nikirekebisha mkanda wa mtungi.

Jumanne. Imepotea mara nne, zote nikiandika. Imerudi mara mbili, zote nimeweka mkono kwenye bega la kushoto.

Jumatano. Vilevile.

Alhamisi nitakueleza, ila usipige kelele ukamwamsha mtoto. Niliona mia moja na kumi, nikaendelea kuandika kwa sababu tulikuwa tumefika pazuri. Vikaja vistari. Nikakadiria kwa kichwa, nikakosea. Hewa ikawa nzito, kama kunyonya uji kwa mrija. Nikamwashiria Bernadeta, akanipa mdomo wa akiba wa mtungi wake, tukapanda pamoja taratibu kama tulivyofanyishwa mazoezi mara mia. Botini tulicheka. Bernadeta alicheka kwa muda mrefu kidogo kuliko mie, kisha akanipa mgongo mpaka pwani. Bwana Adelard hajui.

Imebaki miamba minne tu. Nitafutie dawa, Mwanakombo.

Wako,
Salsabil


Chang'ombe,
22 Februari 1999

Salsabil,

Nimejifunga dumu la maji mgongoni kwa kanga, nikavaa saa ya mume wangu mkono wa kushoto, nikasimama mbele ya kioo na kufuata jedwali lako mstari kwa mstari. Mama mkwe amekaa mlangoni ananitazama.

Mkono wa kushoto hauvuki kifua kwenda bega la kushoto. Hilo ni bega lake mwenyewe. Unaovuka ni wa kulia.

Maana yake saa iko mkono wa kulia, ule unaoandikia. Ukiandika unaupeleka mbele na mbali, na kati yake na kile kidude panakuwa na mwili wako na chuma cha mtungi. Mawimbi hayana pa kupita. Irudishe saa kushoto, namba itakaa. Hiyo ndiyo kazi uliyonituma na nimeimaliza.

Sasa langu mie. Mtu hamdanganyi fundi wake juu ya mkono wa saa bila sababu. Na zamani uliniambia mnayo geji ya hewa yenye mpira inayoning'inia ubavuni, ya kutazama saa ikikataa. Ubavu wa kushoto, sivyo? Mbona Alhamisi hukuishika?

Mkono wako wa kushoto una nini?

Haikuwa barabara iliyokuzuia. Ungekuja ningekupa mtoto umpakate, na ningeona. Wiki tatu nimekaa nawaza kwamba kuzaa kwangu kumekufanya unione mtu wa jikoni. Hilo nitakusamehe tukionana. La Alhamisi sijui kama nitakusamehe. Huko chini ulikuwa na mkono mmoja, na saa ikiwa kwenye mkono usiofaa, na mie nimekaa hapa nakuandikia habari za vifutio.

Mwambie Bernadeta kabla hujaingia majini tena. Mbwana nimemwambia barua hii akupe wewe mkononi. Jumamosi akija bila neno lako, Jumapili navuka na Zubeida mgongoni, na njia ya kwenda huko nitamwuliza baba yako.

Mwanakombo


Gezaulole,
27 Februari 1999

Kwako Mama Zubeida,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Hatujaonana, ila Salsabil anakutaja kila siku. Mimi ni Bernadeta, ninayezama naye. Ninaharakisha kukuandikia ili kesho usihangaike kuvuka na mtoto.

Barua yako ilimfikia Jumatano tukiwa tayari tumevaa. Aliisoma amesimama ndani ya maji ya magotini. Kisha akavua saa, akanipa, akavua glavu ya kushoto, akaninyooshea mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba na rangi yake si ya mkono wa mtu. Akasema, "Dada, mie leo sizami."

Nikueleze na la kwangu. Aliumia tarehe ishirini na tano Januari. Alikuwa anapanda ngazi ya boti, wimbi likaisukuma, mkono ukabanwa kati ya ngazi na ubavu wa boti. Ngazi hiyo ilitakiwa ishikwe kwa kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa ninatazama pengine. Nilimwuliza kama ameumia, akasema hauumi. Tangu siku hiyo ninamfungia kamba za mapezi na sikuuliza kwa nini. Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulinifaa. Siku ile hewa ilipomwishia nilijua, na bado niliogopa kusema, maana kusema la kwake ni kusema na la kwangu.

Tulikwenda wote wawili kwa Bwana Adelard. Nilitegemea atafoka. Badala yake akatuambia kwamba tungemwambia siku ile angepoteza wiki sita za mtu mmoja, na sisi tulikuwa karibu kumpotezea mtu mwenyewe. Akaenda kuwasha gari. Hospitali wamesema mfupa mdogo wa kifundo umepasuka, wameufunga plasta, wiki sita. Hajatufukuza. Amepeleka kazi ya ngazi kwa watu wawili badala ya mmoja, nami ni mmojawapo nikiwa botini.

Salsabil yuko kwa baba yake Kigamboni. Aliteremka garini kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu.

Asante kwa dumu lako la maji.

Bernadeta


Kigamboni,
5 Machi 1999

Mwanakombo,

Naandika nimeegemeza plasta juu ya karatasi isipeperuke. Imepata kazi angalau.

Nataka nikueleze ya baba kabla sijaja kwako, maana kwako kuna mama mkwe na wageni wa mtoto na haya siwezi kuyasema mbele za watu.

Nilimkuta dukani anampimia mtu sukari. Aliiona plasta, akamaliza kupima, akafunga pakiti, akampa mtu wake, akamuaga. Ndipo akafunga nusu ya mlango akaniita nyuma. Nilimwambia yote, ngazi, saa, hata Alhamisi. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya sharti lake, na nguo zangu zilizobaki Gezaulole Mbwana atazileta.

Akauliza nguo zinaletwa kwa nini. Nikamkumbusha: siku nitakayoumia nirudi nyumbani. Akavua miwani. Akasema, "Nilisema urudi, Salsabil. Sikusema ubaki."

Akaniuliza tena, kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali, mtu akiumia huenda wapi kama si kwao. Mwezi mzima nimeubeba mkono uliovunjika chini ya bahari nikiukimbia mlango ambao ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili yangu. Yeye alinipa ruhusa ya kuuguzwa, mie nikasikia hukumu. Nililia, Mwanakombo, na mteja mwingine anagonga anataka mafuta ya taa.

Tangu hapo ananikatia nyama vipande vidogo kama nina miaka mitatu. Jana alitaka kujua ile namba inafikaje mkononi bila waya. Nikamweleza kwa kutumia kopo la maziwa na saa ya ukutani. Akasema amefahamu, kisha leo asubuhi akauliza upya tangu mwanzo.

Uliniuliza kwenye barua ya pili ya Februari kama umenikosea. Mie ndiye niliyekukosea. Nilikuwa najua kwamba ukiniona tu utajua, kwa hiyo nikaamua usinione. Jumapili nakuja na pantoni ya saa tatu. Mtoto nitampakata kwa mkono mzima, na wewe ukae karibu.

Salsabil


Chang'ombe,
15 Mei 1999

Salsabil,

Mbwana anasema masika yamekwisha kwenu na maji yameanza kung'aa, na daktari amekupa ruhusa. Basi nisikilize kwa mara ya mwisho kama fundi. Saa mkono wa kushoto. Kibao ukishike kwa mkono huohuo, karibu na kifua, ili saa na kile kidude viwe upande mmoja. Kabla hujateremka, itazame namba ukiwa bado juu, na ikipotea chini kwa dakika moja, shika geji, usikadirie. Na kifundo kikiuma hata kidogo, unapanda. Hilo si la redio, ila liko kwenye orodha yangu.

Mtaani wameshapewa habari kwamba umerudi kutoka Ugiriki.

Mwanakombo


Gezaulole,
22 Mei 1999

Mwanakombo shoga,

Alhamisi nimezama.

Baba alikuja. Hakuna aliyemwalika. Alifika asubuhi kwenye gari la Mbwana, amevaa kanzu na kubeba kikapu cha maandazi, akamwuliza Bwana Adelard kama botini pana nafasi ya mtu mmoja asiyejua kuogelea. Bwana Adelard akampa koti la kuelea, akalivaa juu ya kanzu. Bahari ilikuwa imetulia lakini yeye alitapika mara mbili kabla hatujafika, akafuta mdomo, akaendelea kuuliza maswali.

Kule chini namba ilikaa. Mia mbili, mia na themanini, mia na hamsini, haikupepesa. Nilijikuta naitazama kuliko matumbawe, mpaka Bernadeta akanigonga begani akanionyesha kibao chake, ameandika: HESABU. Nikahesabu. Tulifuata kamba yote. Mwamba wa sita una sehemu kubwa iliyokufa, sikufichi, lakini katikati ya mifupa ile kuna vitumbawe vichanga vya ukubwa wa kifungo cha shati, na tumevipata kumi na saba. Bernadeta alivihesabu mara ya pili kwa sababu hakuamini, akapata kumi na tisa.

Nilianza kupanda namba ikiwa sabini na mbili. Niliiangalia njia nzima, si kwa hofu, kwa raha tu, kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuisoma.

Juu ngazi ilikuwa imeshikwa na watu wawili, na Bernadeta alikuwa nyuma yangu, lakini aliyeinama kunivuta alikuwa baba, na lile koti lake la kuelea limempanda mpaka masikioni. Alinyoosha mikono yake miwili kuushika wangu wa kushoto, akasita.

"Huu hauumi?"

Nikamwambia hauumi. Na ilikuwa kweli.

Wako,
Salsabil